Kisu Kiunoni: Vyombo vya Kulia vya Watu wa Ulaya, 1500–1750

Tarehe 29 Oktoba 1663, Samuel Pepys, karani mkuu katika ofisi ya Jeshi la Majini la Uingereza, alihudhuria karamu ya Meya mpya wa London katika ukumbi wa Guildhall. Watu walijaa, meza zilikuwa nyingi, na chakula hakikupungua. Lakini alipokaa kuandika shajara yake, lililomkaa rohoni halikuwa chakula. Aliandika kwamba katika ukumbi mzima hapakuwa na meza iliyowekewa visu wala vitambaa vya kufutia mikono, ila ya Meya na ya waheshimiwa wa Baraza la Mfalme tu. Jambo hilo alilihesabu kuwa la ajabu sana.

Mshangao wa Pepys una thamani kubwa kuliko habari yenyewe. Babu yake asingeshangaa hata kidogo. Katika Ulaya ya magharibi, kwa karne nyingi, mwenye karamu alitoa nyama, mkate, mvinyo, chumvi na kitambaa cha meza; kisu alikuja nacho mgeni. Kilining'inia kwenye mshipi, ndani ya ala ya ngozi, awe mgeni ni mwanamume au mwanamke, bwana au mkulima. Alipoketi alikichomoa, akakifuta, akakatia mkate, akachomea kipande cha nyama kutoka sinia ya pamoja na kukivuta hadi kwenye kibao cha mti kilichokuwa sahani yake. Kazi iliyobaki ilifanywa na vidole. Alipomaliza alikifuta tena na kukirudisha alani, akaondoka nacho. Kutoa visu kwa ukumbi mzima kungekuwa sawa na kuwagawia wageni viatu.

Msomaji aliyelelewa kwenye sinia, Lamu au Unguja au Tabora, asidhani kwamba watu hao walikula ovyo kwa kuwa walitumia vidole. Mwaka 1530 mwanachuoni Erasmus wa Rotterdam alitoa kitabu kidogo cha kuwafundisha watoto adabu, kikasomwa Ulaya nzima kwa vizazi. Humo anataka mtoto anawe kabla ya kula, asiwe wa kwanza kutia mkono chakulani, achukue tonge kwa vidole vitatu, asirambe vidole wala asivifute kwenye nguo. Bibi yeyote wa pwani angeyatia sahihi mafunzo hayo.

Kwa kuwa kisu kilikaa mwilini siku nzima, kilihesabiwa pamoja na mavazi. Kilionekana kanisani, sokoni, barabarani. Aliyetazama mpini uliochomoza juu ya ala alijua mengi kuhusu mwenye nao kabla hawajasalimiana, kama vile watu wa Zanzibar na Muscat walivyojua kusoma cheo cha mtu kwenye jambia lake. Tofauti ni kwamba jambia halikati nyama ya chakula. Kisu cha Ulaya kilibeba kazi zote mbili, pambo na mlo, na ndiyo maana mafundi wa karne ya 16 na ya 17 walikitolea ustadi ambao leo tungeutarajia kwenye saa au kito cha shingoni.

Kisu kimoja kilipita mikono mingi. Mhunzi wa mabapa alifua chuma cha pua, mtu mwingine alitengeneza mpini, wa tatu alishona ala, na fundi visu ndiye aliyeunganisha, kunoa na kuuza. London walikuwa na chama cha mafundi visu kilichopata hati ya mfalme mwaka 1416. Ujerumani palikuwa na Solingen, Ufaransa palikuwa na Thiers. Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza wenye mito ya kuzungusha vinoo, ulikuwa na jina tangu karne ya 14, kwani mshairi Chaucer anamvisha mhusika wake mmoja, msaga nafaka, kisu cha Sheffield. Mwaka 1624 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda chama cha mafundi visu wa wilaya hiyo, na miongoni mwa kazi zake kuu ni kulinda alama ambazo kila fundi aligonga kwenye bapa. Alama hizo zilikuwa mali. Fundi aliyeghushi alama ya mwenzake alikuwa ameiba.

Bapa huliwa na kinoo na kutu, mpini hudumu. Kwa hiyo ukisimama mbele ya kabati la visu vya zama hizo katika jumba la makumbusho, macho yanakwenda kwenye mipini. Kaharabu ilitoka pwani ya Baltiki, hasa Königsberg na Danzig, ambako mafundi waliichonga vipande vyenye rangi ya asali na kuvipanga kwenye kijiti cha chuma, wakati mwingine wakiweka picha ndogo chini yake ili ionekane kupitia humo. Marijani nyekundu ilitoka Bahari ya Kati. Akiki, bilauri ya mawe, gamba la ng'amba, gamba la chaza ling'aalo, abunusi, fedha iliyochovywa dhahabu: vyote vilifanywa mipini. Baadhi ya vitu hivyo vilipendwa kwa sababu ya zaidi ya uzuri. Marijani iliaminiwa kumkinga mtu na mabaya, ndiyo maana watoto wachanga pia walivikwa. Katika meza za watawala waliohofia sumu, meno ya papa yaliyogeuka mawe yalitundikwa kwenye matawi ya fedha, yakiaminiwa kugundua sumu katika chakula. Mtu aliyeshika mpini wa marijani alishika pambo na hirizi kwa mkono mmoja.

Rangi nayo ilisema. Katika nyumba ya kifalme ya Ufaransa, tangu Zama za Kati, visu vya mipini myeusi ya abunusi vilitolewa wakati wa Kwaresima, na vya mipini myeupe ya pembe za ndovu vikawekwa mezani Pasaka ilipofika. Kalenda ya Kanisa ilikuwa ndani ya kiganja.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni visu vichache vya Italia vya katikati ya karne ya 16, vilivyotawanyika sasa katika makumbusho, vingine Victoria and Albert mjini London, vingine katika jumba la makumbusho la Renaissance huko Écouen, Ufaransa. Mabapa yake ni mapana na yamechorwa noti za muziki. Upande mmoja una wimbo wa kubariki chakula, upande wa pili wimbo wa kushukuru baada ya kula, na kila kisu kina sauti moja tu: huyu ana besi, yule ana tena. Wimbo haukamiliki mpaka wenye visu wakutane. Sijui zawadi nyingine ya mezani iliyofikiriwa kwa upendo wa namna hiyo, chombo ambacho kinamhitaji mwenzake ili kiimbe.

London nako kulitengenezwa mwaka 1607 seti ya visu 14, pia iliyoko Victoria and Albert, ambayo mipini yake ya pembe za ndovu imechongwa wafalme na malkia wa Uingereza wakiwa wamesimama na majoho na fimbo zao, hadi James I aliyekuwa kwenye kiti wakati huo. Kazi ni ya kujipendekeza kwa utawala, lakini ni kazi safi.

Wanawake walikuwa na visu vyao, na katika Uingereza na Uholanzi ya mwanzo wa karne ya 17 visu hivyo vilikuwa sehemu ya harusi. Bibi harusi alipewa jozi: visu viwili vyembamba ndani ya ala moja iliyotariziwa au kufunikwa fedha, vyenye kamba ya kuvitundika kwenye mshipi. Mara nyingi jina lake na mwaka vilichorwa juu yake. Katika tamthilia ya Shakespeare, Juliet, usiku wa kuamkia arusi asiyoitaka, anatoa kisu na kukilaza kando yake kabla ya kunywa dawa ya usingizi. Mtazamaji wa leo hujiuliza msichana wa miaka 13 amepata wapi kisu. Watazamaji wa London miaka ya 1590 hawakuwa na swali hilo. Walikuwa na mabinti, na walijua kinachoning'inia kwenye mshipi wa binti anayeolewa.

Kisu kilimfuata mtu katika utu uzima wake, lakini kijiko kilianza naye tangu ubatizo. Katika Uingereza ya Tudor msimamizi wa ubatizo alimpa mtoto kijiko cha fedha ambacho kwenye ncha ya mpini kilikuwa na sanamu ndogo ya mtume: Petro na funguo zake, Andrea na msalaba wake, kila mmoja na alama yake ya kumtambulisha. Mwenye uwezo wa kawaida alitoa kimoja, chenye mtume aliyelingana na jina la mtoto. Tajiri alitoa vyote 12, pamoja na cha 13 cha juu yao, ambacho kwa kawaida kilikuwa na sura ya Kristo. Seti zilizokamilika ni adimu sana leo. Mojawapo, yenye vijiko 13 vilivyogongwa mhuri wa London wa 1536–37, iko British Museum. Desturi ilienea kiasi kwamba Shakespeare, katika tamthilia ya Henry VIII, anaweza kumfanyia askofu mkuu mzaha kwamba anakwepa usimamizi wa ubatizo ili kuokoa vijiko vyake, na hadhira ikacheka bila maelezo.

Pepys tena ndiye anayetupa kisa chenye ladha zaidi. Tarehe 29 Mei 1661 alijipamba, akatia mfukoni vijiko sita na kibakuli cha fedha, akapanda gari la farasi kwenda ubatizo huko Walthamstow. Alitarajia kwamba mtoto ataitwa kwa jina lake. Mtoto akaitwa John. Pepys akampa mkunga shilingi 10, yaya shilingi 5, mtumishi wa nyumba shilingi 2, na vyombo vya fedha akarudi navyo nyumbani, akiandika kwamba atavitoa siku nyingine baada ya kushauriwa zaidi. Wengine humwona bakhili. Mimi naona anajua uzito wa kitu alichobeba. Kijiko cha fedha kilifunga mkono wa mtoaji na jina la mpokeaji pamoja; jina likibadilika, zawadi inakosa mahali pa kukaa.

Kijiko cha namna hiyo kilikuwa pia akiba. Fedha yake ilipimwa na kugongwa mhuri, kwa hiyo mwenye nacho alijua thamani yake na angeweza kukiweka rehani au kukiyeyusha siku mbaya. Nyumba ambayo haikuwa na chombo kingine chochote cha fedha ilikuwa na kijiko. Wasia za Uingereza za karne ya 16 zimejaa vijiko: kimoja kwa mjukuu, viwili kwa dada, kila kimoja kikielezwa umbo la ncha yake, huyu chenye kokwa la mwaloni, yule chenye simba aliyeketi au kichwa cha mwanamwali, ili warithi wasigombane. Walio wengi walilia vijiko vya mti, vya pembe ya ng'ombe, vya bati au vya shaba ya njano, na vijiko hivyo havikuandikwa kwenye wasia.

Umbo lake pia lilibadilika. Kijiko cha 1550 kina bakuli kama nusu ya tini na mpini mwembamba wa pande sita, nacho kilishikwa kwa ngumi au kwa vidole vilivyokunjwa. Baada ya 1660, mfalme Charles II aliporudi kutoka uhamishoni na mitindo ya bara, bakuli likawa yai na mpini ukawa bapa, mpana mwishoni, mahali pazuri pa kuchora alama ya ukoo. Mitume wakatoweka.

Kisha uma. Kati ya vyombo vitatu, huu ndio uliochelewa na kupigwa vita. Hadithi kwamba Catherine de' Medici aliuleta Ufaransa mwaka 1533 kwenye sanduku la arusi inarudiwa sana, lakini haina ushahidi wa wakati wake. Uma mdogo wa anasa ulijulikana zamani zaidi. Katika karne ya 11 mtawa Petro Damiani alimlaani binti wa kifalme wa Bizanti aliyeolewa Venisi kwa sababu hakugusa chakula kwa mikono yake, akikipeleka kinywani kwa uma wa dhahabu. Piers Gaveston, kipenzi cha mfalme Edward II wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 14 alikuwa na nyuma tatu za fedha za kulia matunda ya pea. Ulikuwa chombo cha vitu vyenye utomvu na sukari: tangawizi iliyopikwa kwenye shira, matunda yanayochafua vidole. Fundi wa Kiingereza alitengeneza chombo kimoja chenye uma wa meno mawili upande mmoja na kijiko upande wa pili, cha kuchomea tunda na kunywea shira yake.

Ni Waitalia walioutoa uma kwenye matunda na kuuingiza kwenye nyama. Thomas Coryat, Mwingereza aliyezunguka Ulaya mwaka 1608, sehemu kubwa kwa miguu, aliuona huko na kuueleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1611. Anasema Waitalia hushikilia nyama kwa uma wanapoikata, na anayegusa sinia kwa vidole huhesabiwa amewakosea wenzake, kwa kuwa vidole vya watu wote havina usafi sawa. Nyuma nyingi, anasema, ni za chuma. Za fedha ni za waungwana tu. Aliendelea kuutumia aliporudi kwao, na rafiki yake Laurence Whitaker akambandika jina la Kilatini ambalo kwa herufi ni mbeba uma na kwa maana ni mhuni anayestahili adhabu. Coryat hakujali. Baadaye alitembea kwa miguu hadi India, akafariki Surat mwaka 1617, katika bandari ya Gujarat, nchi ambayo kwa karne nyingi ilipokea pembe za ndovu kutoka pwani yetu.

Ufaransa nako watu wa jumba la mfalme Henri III walichekwa. Kitabu cha kejeli cha mwaka 1605 kinawaonyesha wakihangaika kupeleka kinywani njegere na vipande vya artichoki, nusu vikianguka njiani. Mwandishi Montaigne, mtu mkweli kuliko wengi, anakiri kwamba anaweza kula bila kitambaa cha meza lakini si bila kitambaa safi cha mkono, kwa sababu kijiko na uma havimsaidii sana, na kwamba kwa haraka yake hujiuma vidole. Hata Louis XIV, aliyetawala hadi 1715 na ambaye meza yake iliigwa na Ulaya nzima, alipenda vidole vyake.

Uingereza iliingia polepole. Uma wa fedha wa mezani wenye mhuri wa Kiingereza ulio mkongwe kuliko zote zinazojulikana ni wa London, 1632–33. Una meno mawili, umenyooka, hauna urembo, na mwisho wa mpini umechorwa alama za koo mbili, Manners na Montagu, mume na mke. Nimeutaja mwisho wake kwa makusudi, nitaurudia.

Uma ulipoungana na kisu na kijiko, ala ya mshipini ikawa ndogo. Ndipo vikaja vifuko na visanduku vya ngozi ngumu vilivyokatwa ndani kufuata umbo la kila chombo. Vijiko vilikunjwa bawabani, mipini ilifunguka kwa parafujo, na mpini mmoja ulitoa kijiti cha meno au kijiko kidogo cha kuchokolea uboho wa mfupa. Msafiri aliyelala katika nyumba za wageni za njiani alihitaji vitu hivyo kwelikweli, kwa kuwa mwenye nyumba hakuahidi chochote zaidi ya supu na godoro.

Kwenye kilele cha cheo hali ilikuwa hiyo hiyo, kwa sababu nyingine. Mfalme wa Ufaransa aliwekewa mezani chombo kiitwacho cadenas, jina lenye maana ya kufuli: sinia ya dhahabu au fedha iliyochovywa dhahabu, yenye kijisanduku cha kufungwa kilichohifadhi kisu, kijiko, uma na chumvi yake peke yake. Hofu ya sumu ilikuwa chanzo. Baadaye ikabaki heshima, na watu wachache mno waliruhusiwa kuwa nacho mbele ya mfalme. William na Mary, mfalme na malkia wa Uingereza, walikuwa navyo viwili, na viko hadi leo kwenye Mnara wa London.

Seti ya safari iliyo maarufu kuliko zote ni ya Prince Charles Edward Stuart, aliyedai kiti cha Uingereza kwa niaba ya baba yake. Ilitengenezwa Edinburgh mnamo 1740–41 na sonara Ebenezer Oliphant: mkebe wa fedha wenye umbo la yai, uliochongwa mbigili wa Uskoti na manyoya matatu ya mrithi wa kiti, na ndani yake visu, nyuma, vijiko na vikombe vilivyoshikana kama tumba la ua. Aliibeba vitani. Baada ya kushindwa katika mapigano ya Culloden tarehe 16 Aprili 1746 aliiacha katika mizigo yake; Duke wa Cumberland, jemadari wa jeshi la mfalme, aliiteka na kumpa afisa wake George Keppel. Iko katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Uskoti. Mkebe unaonyesha cheo cha mtu ambaye hakukipata kamwe.

Pembe za ndovu zimetajwa mara kadhaa, na hapo Afrika imo ndani ya habari hii kwa mikono yake yenyewe. Wareno walipofika pwani ya magharibi mwishoni mwa karne ya 15 waliwakuta wachongaji wa Kisapi katika nchi ambayo sasa ni Sierra Leone, na baadaye wa ufalme wa Benin. Wakaagiza kwao vyombo vya meza: vyombo vya chumvi, nyuma, na vijiko vya pembe. Daftari la forodha la Lisbon la 1504–1505 linavitaja vikiingia na mabaharia. Kijiko cha Benin kina bakuli jembamba kama jani, na mpini wake ni safari ya wanyama: ndege anamdona mwenzake, mamba anameza, paa amegeuza shingo. Familia ya Medici mjini Florence ilivihifadhi katika hazina yake katikati ya karne ya 16. Mchoraji Albrecht Dürer, katika safari yake ya Netherlands ya 1520–1521, alinunua vyombo viwili vya chumvi vya pembe, akaandika kuwa ni vya Calicut, bandari ya India. Wanahistoria wengi wa sanaa wanaona yaelekea vilitoka Afrika. Ninasikitika kila ninaposoma orodha za namna hiyo, kwa maana Oliphant wa Edinburgh tunamtaja kwa jina, na bingwa aliyechonga jani la pembe lisilovunjika kwa miaka 500 ameandikwa kwa jina la bandari isiyo yake.

Pwani ya mashariki ilichangia kwa njia nyingine. Pembe za Sofala, Kilwa na Mombasa zilikwenda zaidi India. Ni katika karne ya 19 tu ambapo pembe laini za Zanzibar zilifika kwa wingi Sheffield kuwa mipini ya visu. Wareno nao, katika miaka 200 hivi tangu 1498 hadi kuanguka kwa Ngome ya Yesu mwaka 1698, walituachia maneno ya mezani: meza yenyewe, leso, kopo, na bweta la kutunzia vitu vya thamani. Kisu, kijiko na uma hatukuazima kwao.

Turudi kwa Pepys. Tarehe 31 Desemba 1666, akifunga hesabu za mwaka, alitaja jambo moja la kujivunia: sasa ana vyombo vya fedha vya kutosha kiasi kwamba wageni wake wote wanaweza kula kwenye sahani za fedha, kwa kuwa anazo dazeni mbili na nusu. Miaka mitatu tu imepita tangu alipokosa kisu Guildhall. Fahari ya karani huyu imekwisha kuhama. Haiko tena kwenye kitu anachokwenda nacho kwa watu. Iko kwenye kitu ambacho watu watakikuta kwake.

Katika miaka 80 iliyofuata tabaka lote la wenye nacho lilimfuata. Visu vilinunuliwa kwa dazeni, mipini yote sawa, na nyuma za kulingana nazo, vikapangwa wima ndani ya masanduku ya kusimama juu ya kabati za chumba cha kulia. Uma uliposhika kazi ya kuchoma, kisu hakikuhitaji ncha tena. Bapa likawa la mviringo mwishoni, na kuna masimulizi kwamba Kadinali Richelieu aliamuru visu vya mezani kwake vipigwe butu kwa kuchukizwa na mgeni aliyechokoa meno. Kisu butu hakina haja ya ala, na kisu kisicho na ala hakikai kiunoni. Mgeni akaanza kufika mikono mitupu, na aliyechomoa kisu chake mwenyewe mezani akaonekana mtu wa shamba.

Hapo ndipo mwisho wa mpini wa ule uma wa 1632 unapoeleza kitu. Alama zilizochorwa ni za koo, si za mtu. Dazeni za fedha za karne ya 18 zote zina alama hiyo, ikirudiwa kwenye kila kipande. Mgeni alikula kwa chombo kilichomkumbusha kwa kila tonge yuko nyumbani kwa nani. Sanduku lenye vyombo 72 vinavyofanana ni zuri kulitazama, lakini mimi huwa nalipita upesi kwenda kwenye visu vya zamani ambavyo hakuna viwili vinavyolingana.

Clara Peeters alichora vyakula na vyombo huko Antwerp katika miaka ya 1610. Kuhusu maisha yake nyaraka ni chache mno. Katika picha zake kadhaa ameweka kisu kile kile cha fedha, cha aina waliyopewa maharusi, chenye sanamu ndogo kwenye mpini, na kwenye ukingo wake ameandika jina lake lote kana kwamba sonara ndiye aliyelichora. Moja ya picha hizo iko Mauritshuis, mjini The Hague: jibini zilizopangwa moja juu ya nyingine, mikunjo ya siagi kwenye kisahani, lozi, tini, na mikate iliyosokotwa. Juu ya kifuniko cha jagi, ukisogea karibu, pana uso wa mwanamke, mdogo kuliko ukucha. Kisu kiko mbele ya vyote, kimevuka ukingo wa meza, mpini ukielekea upande wetu.